Betri na Chumvi

Msanii anayeimba umoja katika jamii iliyopasuka hupigwa kutoka pande mbili. Wenye msimamo mkali wa kabila au chama chake humwita msaliti. Wanaharakati, ambao angedhani ni wenzake, humwita mwoga anayefunga bandeji juu ya kidonda ambacho hakijaoshwa. Lawama hii ya pili ndiyo nzito, na nitaifikia. Lakini kwanza tuangalie kazi ya namna hii hufanya nini hasa inapofanikiwa, maana hata wanaoipenda huisifu kwa jambo isiloliweza.

Mwaka 2004, miaka 10 baada ya mauaji ya kimbari, redio nchini Rwanda ilianza kurusha Musekeweya, mchezo wa kuigiza kuhusu vijiji viwili vya milimani vinavyogombea ardhi yenye rutuba. Kabila halitajwi, ila hakuna msikilizaji aliyehitaji kuelezwa. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mmoja makundi yaliyousikiliza, akayalinganisha na mengine yaliyosikiliza mchezo kuhusu afya. Alichapisha matokeo mwaka 2009, na ukiyasoma haraka yanavunja moyo: yale ambayo watu waliyaamini moyoni hayakubadilika kwa kiasi cha maana.

Kilichobadilika ni picha waliyokuwa nayo kuhusu mambo yanayokubalika mbele za watu: kama mtu anaweza kupinga waziwazi, kama watu wa makundi tofauti waoane, kama wanakijiji wazungumzie majeraha yao au wayafungie ndani. Mwishoni kila kundi liliachiwa redio, kaseti na betri, likaambiwa liamue lenyewe vitatunzwaje. Kwa wale wa mchezo wa afya, mara nyingi mtu mmoja alipendekeza akabidhiwe kiongozi wa eneo, wengine wakanyamaza, likapita. Kwa wasikilizaji wa Musekeweya, kulikuwa na mtu wa kusema hapana. Wakabishana. Wengi wakaishia kuamua wavitunze kwa pamoja.

Nimelifikiria sana jambo hilo la betri. Mtu kunyosha mkono na kukataa pendekezo la kwanza, mbele ya majirani, juu ya kitu kidogo hivyo! Lakini katika nchi ambako mwaka 1994 amri za kuua zilishuka kutoka juu hadi mlangoni kwa mtu, mkono ule si kitu kidogo. Mgawanyiko mkali hauhitaji kila mtu amchukie jirani yake. Hutosha kila mtu aamini kwamba wenzake wote wanachukia, ili mwenye shaka akae kimya. Mchezo unaosikika na kijiji kizima kwa saa ileile humjulisha mwenye shaka kwamba hayuko peke yake, na kwamba wenzake nao wanalijua hilo. Moyo wake unaweza kubaki ulivyokuwa. Mdomo wake ndio uliofunguka.

Sasa wanaharakati. Wanasema mpasuko hauletwi na anayeutaja. Martin Luther King aliandika hivyo akiwa jela mjini Birmingham, Marekani, mwaka 1963: waandamanaji hawakuzalisha mvutano, waliutoa mahali ulipofichwa. Miaka miwili kabla, kura ya maoni ya Gallup ilionyesha asilimia 61 ya Wamarekani hawakuafiki walichokuwa wakifanya wasafiri waliopanda mabasi kupinga ubaguzi kusini mwa nchi. Wangesubiri kupendwa, wangekuwa wanasubiri bado. Hoja hii siipingi hata kidogo. Palipo na mnyonge na mwonevu, kumwambia mnyonge apatane kabla hajasikilizwa ni kumwonea mara ya pili.

Wana pia ushahidi wa Kingston, mji mkuu wa Jamaika. Tarehe 22 Aprili 1978 Bob Marley aliwapandisha jukwaani Michael Manley na Edward Seaga, mahasimu wa siasa za Jamaika, akaishika mikono yao na kuiinua juu pamoja. Tamasha hilo lilikuwa limeandaliwa na viongozi wa magenge ya pande zote mbili, Claudie Massop na Bucky Marshall. Massop aliuawa na polisi mwaka uliofuata. Marshall aliuawa New York mwaka 1980, na mwaka huohuo ghasia za uchaguzi nchini Jamaika ziliua watu zaidi ya 800.

Naumia kila nikiitazama picha ile ya mikono mitatu. Lakini tazama ni mikono ya nani. Ni ya wakubwa, usiku mmoja, na waliokuwa chini walipewa kazi ya kushangilia. Musekeweya ilirudi kila wiki, na aliyepewa nafasi ya kusema ni mtu wa kawaida ndani ya kundi lake mwenyewe. Wanaharakati wanapozitupa kazi hizi mbili kwenye kapu moja la nyimbo za amani, wanapoteza chombo ambacho wao wenyewe wanakihitaji, kwa sababu na harakati huanza kwa mtu mmoja kuthubutu kuwapinga walio karibu naye.

Ugumu uliobaki ni mwingine, nao unanisumbua kuliko Kingston. Paluck huyohuyo alikwenda mashariki mwa Kongo, ambako mchezo mwingine wa redio, Kumbuka Kesho, ulifuatiwa katika baadhi ya maeneo na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Walijadiliana kweli, kuliko wale waliosikia mchezo peke yake. Lakini walitoka na kinyongo zaidi, na walipopewa chumvi na kuulizwa kama wangewagawia watu wa kundi wasilolipenda, wengi zaidi wao walikataa. Vita ilikuwa bado inaendelea pale. Nchini Rwanda mauaji ya kimbari yalikuwa yamekoma miaka 10 kabla ya mchezo wake kuanza, na mtu aliyenyosha mkono juu ya redio alijua atarudi nyumbani salama.