Uasi: jina analolitoa mwenye kiti

Neno uasi lilipotoka kwenye Kiarabu lilikuja na hukumu yake ndani. Asili yake ni kitenzi cha kutotii, na kabla ya kuhusishwa na bunduki lilimhusu Mungu. Katika Kurani, sura ya Taha aya ya 121, Adamu anamwasi Mola wake kwa kitenzi hichohicho. Biblia nayo, katika Waraka wa Kwanza wa Yohana 3:4, inasema dhambi ni uasi. Anayeitwa mwasi basi kesi yake imeshakwisha: neno linachukulia kwamba aliyeasiwa alistahili kutiiwa.

Ndiyo maana silimezi hivi hivi ninapolikuta kwenye habari. Chukua Januari 1964. Tarehe 12 serikali ya Zanzibar iliangushwa kwa silaha; hayo ni Mapinduzi, kwa herufi kubwa, na siku yenyewe ni sikukuu. Tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika, katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza. Walitaka nyongeza ya mshahara, na vyeo vya uofisa vishikwe na Waafrika. Tarehe 25 makomando wa Uingereza wakawazima. Hayo tunayaita maasi. Wa Zanzibar walishika dola, wakajipa jina wenyewe. Wa Colito jina walipewa.

Jina huweza kubadilishwa, lakini mpaka mtoa jina aondoke. Wamatumbi, watu wa kusini mwa Tanzania ya leo, walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima mwaka 1905, kwa Mjerumani aliyewatawala ule ulikuwa uasi. Vitabu vyetu vinasema Vita vya Maji Maji, na katika vita hakuna upande unaodaiwa utii.

Kwa anayeandika: uasi hufanywa waziwazi dhidi ya mamlaka iliyopo. Anayemuuzia adui siri huku bado anapiga saluti ni haini, si mwasi. Wafanyakazi walioweka zana chini wamegoma tu, hata mwajiri akiwa serikali. Tena kitenzi ni kuasi, bila h. Kuhasi ni kumtoa dume korodani, kwa hiyo "askari wamehasi serikali" ni habari nyingine kabisa. Irabu ya mwisho nayo haiguswi: anaasi, haasi, asiasi. Kwa mtu mmoja, mwasi na muasi yote yanatumika. Chagua moja ubaki nalo.