Katoni zimefika, kamusi ya Kiswahili hakuna

Wiki iliyopita tumefungua katoni za vitabu vya rejea na mpaka leo roho yangu haijatulia. Nafanya kazi maktaba ya shule ya kimataifa hapa Dar, jina nitaliacha. Oda ilienda kwa sapulaya wa Uingereza tangu mwezi wa pili, profoma, malipo, meli, wakala wa forodha kahangaika na makaratasi, storeji bandarini tumelipa, mzigo umetufikia mwezi wa nane. Humo ndani kuna ensaiklopidia seti nzima, atlasi nzuri kweli, kamusi za Kiingereza, Kifaransa, Kihispania. Ya Kiswahili hata moja hamna. Kisa sapulaya hana kwenye katalogi yake, na utaratibu wetu unataka vitabu vyote vitoke kwake.

Jamani, tuko Dar es Salaam!

Ngoja niwaambie kilichoniuma zaidi. Tunayo nakala moja ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, lile toleo la 1981, jalada limeshikwa na selotepu na kurasa za nyuma zimechomoka, inaishia herufi S. Muhula uliopita kaja binti wa darasa la sita, mgeni, ana mwaka mmoja tu nchini, walipelekwa Bagamoyo akaona vyombo ufukweni na anataka kuviandikia. Ensaiklopidia imevipa vyote jina moja. Yeye kaona kwa macho yake kwamba havifanani, wavuvi wamemtajia mtumbwi, ngalawa, mashua, jahazi, kaandika kwenye daftari kwa tahajia yake mwenyewe. Tukakaa naye na ile kamusi chakavu, ngalawa tukaipata, akachora yale matengo ya pembeni vizuri kabisa, akafurahi. Halafu akakutana na neno tanga. Akaniuliza, "Mwalimu, Tanga si mji?" Nikamwambia tutafute. Akafunua, akafunua, kitabu kikaisha. Nilimweleza kwa mdomo, sawa, lakini mtoto alishashika kamusi mkononi na alikuwa anataka kujitafutia mwenyewe, na sisi ndo tumemnyima.

Na si kwamba vitabu havipo. Kamusi hiyo imetungwa hapo Mlimani, Chuo Kikuu, ikatoka tena 2004, ikatoka tena 2013. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, nao wametoa Kamusi Kuu ya Kiswahili 2015. Unapanda daladala mpaka Posta, pale katikati ya jiji, unaingia duka la vitabu, unalipa, unapewa risiti, saa nane mchana umesharudi shule na kitabu kiko kwenye shelfu. Hakuna meli wala forodha. Sasa kwa nini kitabu cha daladala moja kinakosekana miaka yote na cha kuvuka bahari kinapatikana kila mwaka? Kwa sababu ndani ya ile fomu ya oda hakuna mahali pa kuandika duka la Posta, basi! Fomu imetungwa na mtu aliyewaza kwamba elimu yote inakuja na kontena, na sisi tunaojaza tumezoea, hata mimi nimeijaza miaka minne bila kusema kitu.

Ensaiklopidia za nje sizikatai. Britannica walishaacha kuchapa tangu 2012, World Book bado wanachapa, na watoto wanazipenda, wanalala nazo kwenye zulia wanaangalia picha. Zinunuliwe. Anayesema kila kitu kiko intaneti aje ajaribu kutafuta tofauti ya dau na mashua kwenye programu ya kutafsiri aone anachopewa. Na vitabu vya msaada naomba tuvichambue kabla ya kuvipokea, tumewahi kuletewa atlasi ambayo Sudan bado ni nchi moja, na Sudan Kusini imejitenga tangu 2011.

Ila hela ya kununua vitabu hapa hapa nchini itengwe peke yake, kila mwaka, na mkutubi aruhusiwe kwenda dukani. Kamusi ziwe nyingi, maana darasa zima likija kipindi kimoja nakala moja haisaidii kitu, wanaishia kugombania.

Oda ijayo nimeshaanza kuiandika. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya atlasi na kila kitu: Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la tatu, nakala kumi. Pale penye jina la sapulaya nimeandika kwa kalamu, Posta. Mkuu akiukata nitaurudisha.