Raki ikichomoka mpira saa nane usiku: nani akate umeme?

Vyumba vya seva vinavyohamia kwenye upozaji wa kimiminika vinakutana mapema na swali moja gumu. Kihisio kikigundua kuwa kulanti, yaani kimiminika chenyewe cha kupozea, inavuja, mfumo ufunge vali na kukata umeme wenyewe, au upige kengele na kumsubiri mtu? Kwa chumba kidogo cha raki tatu nne, yaani makabati ya seva, jibu linalokuja haraka ni kengele. Sababu zake si za kijinga: kihisio kinaweza kudanganywa na mopu ya mfanyakazi wa usafi, na kuzima seva zinazofanya kazi kwa sababu ya mopu ni hasara ambayo mtu atatakiwa kuieleza asubuhi.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo inalinganisha vitu viwili visivyokuwepo pamoja. Inachukulia kuwa tusipozima, seva zitaendelea kufanya kazi. Kwa mvujo mdogo ni kweli. Kwa mvujo mkubwa seva zitazimika tu. Kinachobaki ni kuamua zizimike ngapi, na kulanti imwagike kiasi gani kabla ya hapo.

Tupige hesabu. Chukua raki ya kilowati 40 yenye seva kumi. Kulanti ya maji yenye propilini glikoli asilimia 25, ikiachwa ipande nyuzi 10 kati ya kuingia na kutoka, inahitajika takriban lita moja na nusu kwa dakika kwa kila kilowati. Raki nzima inapitisha lita 60 kwa dakika, kila seva lita 6. Kinachozuia zile lita 6 zisiwe nyingi zaidi ni mabamba ya kupozea yaliyo juu ya chipu, ambayo ndani yana vijia vyembamba karibu na sehemu ya kumi ya milimita. Mpira wa kupitishia kulanti ukichomoka kabla ya bamba, kizuizi hicho hakipo tena. Lita 6 zinakuwa 12, pengine zaidi. Viungio vya kuchomeka vinavyojifunga vyenyewe havisaidii hapa, kwa sababu vinajifunga vikitenganishwa tu. Mpira ukitoka kwenye shina la kiungio, kiungio chenyewe bado kimechomekwa na kiko wazi kabisa.

Sasa tuseme tangi la akiba la mashine ya kusambaza kulanti lina lita 20. Kwa lita 12 kwa dakika linakauka kabla dakika ya pili haijaisha. Pampu inaanza kuvuta hewa, swichi ya kiwango cha chini inaisimamisha, na kila seva iliyo kwenye mzunguko huo, za raki jirani zikiwemo, inakosa mtiririko. Chipu ya wati 700 iliyo chini ya bamba lisilopitisha kitu haina muda. Ndani ya sekunde chache inajipunguza kasi, kisha inajizima. Chumba kizima kimelala, na lita 20 ziko sakafuni au, kama jengo ni la ghorofa, kwenye dari ya ofisi ya chini.

Mfumo unaojifunga ungefanya nini katika mvujo uleule? Uugundue kwa sekunde tano, uthibitishe kwa tano nyingine, na vali zichukue sekunde kumi kufunga. Jumla ni sekunde 20, ambazo ni lita 4, pamoja na kiasi kidogo kitakachochuruzika kutoka kwenye manifoldi, yaani lile bomba la wima linalogawia seva kulanti. Sinia ya kukinga chini ya raki, yenye sentimita 60 kwa 100 na kina cha sentimita 3, inabeba lita 18. Mvujo uliokatwa unaishia ndani ya sinia na nafasi inabaki. Mvujo uliosubiri mtu unaifurika. Kwa ule uliokatwa, raki moja imezimwa, nyingine zinaendelea.

Na huyo mtu anayesubiriwa yuko wapi? Saa nane usiku getini yuko mlinzi, ambaye hana ufunguo wa chumba wala mafunzo ya vali. Fundi amelala Usa River au Ngaramtoni, nje ya mji wa Arusha. Hata akipokea simu mlio wa kwanza na kukuta barabara nyeupe, hatafika ndani ya dakika mbili. Kengele bila mkono ulio karibu ni taarifa ya hasara iliyokwisha tokea. Vituo vikubwa vya ughaibuni vyenye mafundi wa zamu ndani ya jengo vinaweza kumudu kengele tu. Sisi wenye watu wachache ndio tunaohitaji zaidi vali inayojifunga, na ajabu ndio tunaoiogopa zaidi.

Kwamba upozaji wa kimiminika unatufaa huku juu sina shaka nalo. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa ni kama kilopaskali 86, si 101 ya Tanga au Dar es Salaam. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo feni ileile inasukuma hewa yenye uzito mdogo na inabeba joto kidogo. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa upozaji cha Marekani, kwa seva za madaraja ya kawaida unashusha kikomo cha joto la hewa inayoingia kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 ukishapita mita 900. Moshi, iliyo karibu na hizo mita 900, inaponea chupuchupu, lakini Arusha inaadhibiwa. Kulanti haijali mwinuko. Ila anayefikiria mifumo inayoendesha kulanti chini ya presha ya hewa, ili tundu livute hewa ndani badala ya kumwaga nje, akumbuke kwamba nafasi ya kuvuta imepungua kwa kilopaskali 15. Amwombe muuzaji hesabu ya pampu kwa mwinuko wetu, si ya pwani.

Upande wa kengele una hoja nzito zaidi ya mopu, na hiyo ndiyo inayostahili kujibiwa kwa makini: umeme wa TANESCO. Umeme ukikatika, seva zinabaki kwenye UPS, yaani betri za dharura. Kama pampu haiko kwenye UPS, inasimama sekunde 10 hadi 30 mpaka jenereta ishike, na presha ya mzunguko inaanguka. Mfumo uliopangwa kusoma kushuka kwa presha kama mvujo utafunga vali na kukata umeme wa raki kila TANESCO inapocheza. Mtu akiuona mara mbili, ataung'oa mfumo mzima, na sitamlaumu. Vivyo hivyo vali ya springi inayojifunga ikikosa umeme. Inasifiwa kuwa salama, na kwa moto au gesi ni salama kweli, lakini hapa kila mtikisiko wa umeme unaifunga na kuzikosesha upozaji seva zisizo na mvujo wowote.

Hayo yote yana dawa, na dawa ni ya mpangilio, si ya kuachana na wazo. Pampu iingie kwenye UPS pamoja na kidhibiti cha vihisio. Vali iwe ya tufe la chuma inayozungushwa na mota, inayobaki ilipo umeme ukipotea. Aina hiyo hufunga polepole, jambo linalosaidia pia kuepuka nyundo ya maji, kile kishindo ambacho vali ya sumaku inayofunga ghafla hukipeleka kwenye kila kiungio cha mzunguko. Kushuka kwa presha kuhesabiwe tu wakati kidhibiti kinaona pampu inazunguka. Na hakuna kihisio kimoja kinachoruhusiwa kuzima peke yake. Waya wa kuhisi maji useme kuna unyevu, na presha au kiwango cha tangi kikubaliane nao. Wakikubaliana, kata. Akisema mmoja tu, piga simu.

Kwa kanuni hiyo mopu haizimi chochote, kwa kuwa mopu haishushi kiwango cha tangi. Jasho la mabomba halizimi pia, ingawa lenyewe ni bora lisiwepo. Wakati wa masika, chumba chenye nyuzi 22 na unyevunyevu wa asilimia 80 kina kiwango cha umande cha nyuzi 18 na kidogo. Kulanti ikiingia ikiwa na nyuzi 16, mabomba yatatoa jasho na waya utalia usiku kucha. Iingize ikiwa na nyuzi 30 na jasho litakwisha. Chipu za kisasa zinaikubali, na hewa ya nje ya Arusha inatosha kuipoza karibu mwaka mzima bila kompresa. Waya wenyewe usilazwe sakafuni unakopita mopu na vumbi la kiangazi. Ulazwe ndani ya sinia, chini ya manifoldi na chini ya safu ya viungio.

Mahali ambapo mtu anaishinda mashine ni kwenye tone. Tone moja kwa sekunde, la mililita 0.05, ni lita 4.3 kwa siku, lakini kwa dakika ni mililita 3 tu, na hakuna kipimo cha presha kitakachoiona. Kiwango cha tangi nacho kinayumba chenyewe: mzunguko wa lita 60 ukibadilika joto kwa nyuzi 10 unapanuka au kusinyaa takriban robo lita. Ubaya zaidi unatoka kwenye pampu ya kujaza yenyewe, ile inayoongeza kulanti presha ikishuka. Inauficha mvujo kwa bidii hadi pipa la akiba liishe. Izimwe, au iwekewe kaunta na kikomo, tuseme lita moja kwa wiki, ikipita hapo igome na kupiga simu. Daftari la ujazaji lenye tarehe, lita na joto la kulanti wakati wa kusoma linagundua matone vizuri kuliko kihisio chochote cha bei. Hapa nakubaliana na watu wa kengele kabisa: kuzima raki kwa ajili ya tone ni kukosa adabu kwa wanaoitumia. Wape saa chache wahifadhi kazi, kisha zima kwa utaratibu.

Kwa mvujo mkubwa uliothibitishwa, mpangilio wa kukata una uzito. Umeme wa raki kwanza, vali baadaye, zikifuatana ndani ya sekunde moja au mbili. Ukianza na vali, chipu zinapanda joto zikiwa bado na umeme. Ukichelewesha umeme, kulanti inafikia baa ya shaba ya volti 48 iliyo nyuma ya raki. Kulanti hii inapitisha umeme kwa sababu ya vizuia kutu vilivyomo, na maji yaliyosafishwa yasiyo na madini nayo huanza kupitisha yakishagusa vumbi. Funga pande zote mbili, wa kuingia na wa kurudi. Wengi huweka vali upande wa kuingia tu na kushangaa kwa nini raki inaendelea kumwaga: raki jirani zinasukuma kulanti kinyumenyume kupitia bomba la kurudi.

Kuhusu vyanzo vya mvujo wenyewe, nitataja vile vinavyotokana na mazoea ya gereji. Oringi, yaani pete za kuzuia mvujo, za viungio hivi kwa kawaida ni za mpira wa EPDM, ambao huvimba na kulainika ukipakwa grisi ya petroli. Itumike grisi ya silikoni, kidogo sana. Kulanti ya gari haifai kabisa, kwani nyingi zina silikati zinazoweza kuganda na kuziba vijia vya bamba. Na maji ya bomba yasiongezwe hata lita moja. Maji ya miteremko ya Meru yanajulikana kwa floraidi, yana madini mengine pia, na kila lita inayoongezwa inapunguza vizuia kutu na kuishusha glikoli kuelekea kiwango ambacho bakteria wanaanza kustawi. Pima kiwango cha glikoli kwa rifraktomita kila mwezi, na weka stoo lita 20 za kulanti iliyochanganywa kiwandani, pamoja na oringi na viungio kadhaa vya akiba, maana kuviagiza kunaweza kuchukua wiki.

Glikoli haikauki kama maji. Baada ya mvujo, waya wa kuhisi uliofutwa kwa kitambaa kikavu utaendelea kulia, na hapo ndipo mtu huchoka na kuuchomoa. Uoshwe kwa maji yasiyo na madini, kisha pombe ya isopropili, uachwe ukauke. Bodi zilizolowa zifanyiwe hivyohivyo kabla ya kuwashwa. Kulanti iliyokusanywa isimwagwe mtaroni. Propilini glikoli si sumu kali kwa binadamu, lakini ikioza mtoni inakula oksijeni ya maji, na mitaro ya mji wa Arusha inaishia mto Themi. Kwa Moshi, Karanga na Rau.

Vali isiyozungushwa hukwama. Kila miezi mitatu, raki ikiwa imepangiwa matengenezo, mwaga nusu glasi ya maji kwenye sinia, shusha kiwango cha tangi kwa mkono, na pima kwa saa sekunde ngapi zinapita hadi vali zote mbili zifunge. Zikizidi 30, mota au mantiki ya kidhibiti ina kasoro. Zoezi la kwanza la mwaka lifanyike Februari, kabla masika hayajaanza.