Kimondo au volkano: kipi kilifunga jua?

Msimu wa karafuu uliopita, Wete, mpwa wangu alikuwa akigeuza karafuu jamvini, akaniuliza: "Mjomba, kimondo kimeanguka Mexico. Vipi kimemuua dinosaria aliyekuwa upande wa pili wa dunia?"

Nilimwonesha zile karafuu. Zikipata jua kali siku nne au tano, zinakauka, ukizibana kwa ukucha zinakatika. Likitanda wingu siku tatu tu, zinavunda, zinaota ukungu. Basi miaka milioni 66 iliyopita jua lilifungwa dunia nzima. Kimondo chenye upana wa takriban kilomita 10 kilipiga Chicxulub, kwenye rasi ya Yucatán huko Mexico, kikaacha shimo la kilomita 180 hivi. Vumbi, masizi na salfa vikapanda angani, giza na baridi vikashika. Mimea ikafa, walao majani wakafuata, kisha walao nyama. Karibu robo tatu ya aina za viumbe zikatoweka.

Hoja hii ilitolewa 1980 na mwanafizikia Luis Alvarez, mwanawe Walter na wenzao, baada ya kukuta iridiamu nyingi mno katika tabaka jembamba la udongo huko Gubbio, Italia. Madini hayo ni haba juu ya ardhi, lakini yamo kwa wingi kwenye vimondo.

(Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kule Lindi, hahusiki. Mifupa yake ina miaka kama milioni 150. Alikufa zamani kabla ya haya yote.)

Upande wa volkano nao una nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mwanajiolojia Gerta Keller na wenziwe wanazinyooshea kidole volkano za Deccan, India. Sisi watu wa visiwani tuna sababu ya kusikiliza: wakati ule India ilikuwa bado safarini katika Bahari ya Hindi hii hii, juu ya chemchemi ya moto ambayo leo iko chini ya kisiwa cha Réunion. Lava ilimwagika kwa mamia ya maelfu ya miaka, na ilianza kabla ya kimondo. Tena maangamizi makubwa kuliko haya, ya miaka milioni 252 iliyopita, yanahusishwa na volkano za Siberia. Kwa hiyo Keller ana haki kabisa ya kuuliza kwa nini za India ziachwe.

Mimi naegemea kimondo, na sababu yangu ni kasi. Vijidudu vya baharini vyenye magamba ya chokaa vimejaa chini ya tabaka lile la udongo, na juu yake aina nyingi hazionekani tena. Volkano inaua polepole. Isitoshe, mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti yalipima umri wa lava ya Deccan, na moja likaona kwamba sehemu kubwa yake ilitoka baada ya kimondo. Hilo likithibitika, volkano zitabaki na kosa la kuchelewesha uhai kurudi, si la kuua. Kundi la pili lina hesabu nyingine, na kesi hiyo bado naifuatilia.

Kilichonishawishi zaidi ni uchimbaji wa 2016 ndani ya shimo lenyewe. Miamba ya pembezoni mwa Chicxulub imejaa mawe ya jasi, yenye salfa. Katika mawe yaliyotolewa shimoni, jasi karibu haimo. Iligeuka mvuke, ikapanda, ikakaa kati ya ardhi na jua.