Msiutoboe Mlango kwa Sababu ya Ufunguo

Nimekasirika na bado sijatulia. Fundi kijana, mwenye mashine nzuri ya umeme na adabu zake zote, amesimama mbele ya mlango wa shangazi yangu hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, akamwambia: "Bibi, kitasa hiki kimeshakufa. Ufunguo wake haupatikani tena. Tutoboe hapa, tutie kipya." Akaonyesha kwa kidole pale atakapotoboa, kwenye ubao wa msaji, kando kidogo ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango.

Kitasa hakijafa. Kilichopotea ni ufunguo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kwa kuyachanganya tumeshaharibu milango mingi.

Nadhani kosa linaanzia kwenye zile mashine za kuchongea funguo mitaani. Unampa fundi ufunguo wako, anaubana upande mmoja, upande wa pili anabana usiochongwa, dakika mbili umemaliza. Kwa hiyo tumezoea kuamini kwamba ufunguo huzaliwa na ufunguo mwenzake, na asiyekuwa nao hana lake. Si kweli. Kipimo cha ufunguo kimo ndani ya kitasa. Kimekaa humo tangu siku kilipotengenezwa na hakiendi popote, hata funguo zote zikizama baharini.

Kifungueni mkione. Vitasa vingi vya zamani vilivyobandikwa nyuma ya milango yetu ni vya vibapa: vipande vyembamba vya chuma au shaba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na springi yake. Jino la ufunguo huviinua, na kila kibapa kina kimo chake. Kikiinuka pungufu, ulimi wa kitasa, kile chuma kinachotoka kufunga mlango, hautembei. Kikizidi, hautembei vilevile. Mwingereza Robert Barron ndiye aliyesajili ubunifu huo mwaka 1778. Sasa, fundi akishatoa kifuniko, siri iko wapi tena? Kila kibapa kina mwanya wake, na ulimi una kijichuma kinachopaswa kupita kwenye mianya hiyo yote kwa pamoja. Unaweka ufunguo usiochongwa, unauzungusha, unaangalia ni kibapa kipi kimepanda kupita kiasi, unapunguza jino kwa tupa mahali pake, unarudia. Hakuna kubahatisha. Kuna macho na subira.

Kitasa kikigoma kufunguliwa kifuniko, bado njia ipo. Jino hupakwa masizi ya mshumaa, likaingizwa na kuzungushwa, na chuma cha ndani kikaacha alama pale panapokwaruza. Hapo ndipo pa kupiga tupa.

Kazi ngumu zaidi ni kupata ufunguo wenyewe wa kuchonga, maana madukani umejaa ule bapa wa vitasa vya kisasa. Inabidi kupima upana wa tundu, kutazama kama ndani pana kijiti cha chuma (kikiwapo, ufunguo wake lazima uwe na shina lenye tundu kama bomba), kisha kupima jino lifike wapi. Usipopatikana, fundi chuma anaweza kuutengeneza: fimbo ya chuma yenye unene sawa, kipande cha bati nene kilichochomelewa kwa shaba, na jiliwa iliyokaza vizuri. Babu zetu walikuwa na wahunzi waliofanya mambo makubwa kuliko hayo.

Halafu chumvi. Sisi tunaishi pwani, na hewa ya bahari inakula springi na kugandisha vibapa. Vitasa vingi vinavyoitwa vibovu vinahitaji kusafishwa kutu tu, na skrubu zake kutolewa polepole kwa bisibisi inayoenea, baada ya kulazwa na mafuta. Anayezing'oa kwa nguvu ndiye anayevunja.

Najua nitakachojibiwa: usalama. Haya, nakubali kiasi. Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Charles Hobbs alikifungua kitasa maarufu cha kampuni ya Chubb kule London bila ufunguo, mbele ya mashahidi, na kile kilikuwa bora kuliko chochote kilichopigiliwa mlangoni kwetu. Vile vya kale zaidi visivyo na vibapa, vyenye vizuizi tu ndani, hufunguka kwa ufunguo malaya, ule unaofungua vitasa vingi. Kweli. Basi ongezeni komeo kwa ndani usiku, au tumieni mnyororo na kufuli imara, kama milango yetu ilivyokuwa ikifungwa tokea zamani. Hilo halihitaji kutoboa msaji. Mwizi wa leo hata hivyo hasumbuki na tundu la ufunguo. Anatafuta dirisha.

Bei? Kuchonga kwa mkono ni ghali kuliko kunakili kwa mashine, ndiyo. Linganisheni na bei ya kutengeneza upya ubao wa mlango wa kuchonga, kama mtampata wa kuutengeneza.

Kinachoniuma zaidi ni maduka ya vitu vya kale. Funguo kubwa za zamani zinauzwa kwa wageni kama mapambo ya ukutani, vitasa navyo vinauzwa peke yake, na milango yenyewe imebaki na matundu yaliyozibwa kwa vipande vya mbao laini. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, Lamu tangu 2001. Tunaona fahari kuionyesha michoro ya mbele ya mlango, lakini chuma kilicho nyuma yake tunakiuza kwa kilo. Mlango ni pamoja na kitasa chake. Aliyeutundika hakuutundika uangaliwe tu, aliutundika ufunge na ufungue.

Shangazi alimrudisha yule kijana kwa upole na kumlipa nauli. Tulimpata mzee mmoja anayetengeneza masanduku na vitasa, akakitoa kitasa, akaondoka nacho kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa, akakirudisha na ufunguo mpya unaozunguka bila kukwama. Alipokuwa akikirudishia mahali pake alimwita yule yule kijana wa mashine, aje atazame. Kijana amekuja, amekaa chini, ameuliza maswali mazuri. Hasira yangu si kwake. Hakuna aliyemfundisha, na mzee yule hana mwanafunzi.

Kama nyumbani kwenu umebaki ufunguo mmoja wa zamani unaofanya kazi, upelekeni ukachongewe wa pili wiki hii, wakati bado una wa kunakili. Na kama haupo kabisa, bandueni kitasa, si mlango.