Bweni la Dar es Salaam halihitaji ukuta wa kioo

Sisi tunaoishi Vienna huulizwa sana na ndugu zetu walioko nyumbani: kwa nini mabweni ya vyuo vyetu yasijengwe kwa vioo vikubwa kama ya Ulaya? Jibu ni jua.

Bweni la Molkereistraße hapa Vienna, lililokamilika mwaka 2005, limefuata kiwango cha Passivhaus, yaani jengo linalotumia nishati kidogo sana: nishati ya kupasha vyumba joto isizidi kWh 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Adhuhuri ya Desemba jua la huku hupanda nyuzi 18 tu juu ya upeo wa macho, hivyo huingia dirishani moja kwa moja na kusaidia kuleta joto. Dar es Salaam, adhuhuri hiyohiyo, jua liko nyuzi 73. Ukuta wa kioo unaotazama magharibi utakalisha wanafunzi kwenye tanuri kila alasiri, jua linaposhuka. Watafunga mapazia, kisha watawasha taa na feni mchana kweupe.

Tuige hesabu ya watu wa Vienna, kioo tuwaachie. Jengo lilale kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Juni, jua la adhuhuri Dar liko upande wa kaskazini, juu kwa nyuzi 60. Dirisha la upande huo lenye kimo cha mita 1.2 litakingwa na zege lililochomoza sentimita 70 juu yake. Upande wa kusini, liliko jua la Desemba lililo juu zaidi, sentimita 40 zinatosha. Zege lipite kingo za dirisha pande zote mbili, la sivyo jua la saa nne litapenyea ubavuni. Ncha za mashariki na magharibi wekeni ngazi na vyoo.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni korido ya katikati yenye vyumba pande zote mbili. Upepo ukiingia hauna pa kutokea, na korido huwashwa taa kutwa. Jengeni korido ya wazi upande mmoja, na kila chumba kiwe na matundu ya hewa juu ya mlango. Dirisha la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu tu, kisha wavu wa mbu hupunguza upepo tena. Luva za zamani, zile za vipande vya kioo vinavyoinamishwa, hufunguka karibu zote.

Mwanga wa kusomea hufika ndani takriban mara mbili ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha kutoka sakafuni. Kwa hiyo pandisheni dirisha karibu na dari kabla ya kulipanua, na dari ipakwe rangi nyeupe. Fedha itakayobaki iende kwenye paa, maana ghorofa ya juu ndiyo inayoungua: dari yenye kizuia joto, na nafasi ya hewa kupita chini ya bati.