Karafuu Ni ya Nani?

Babu yangu alipata eka tatu. Mwenye asili ya visiwa hivi vya Zanzibar hahitaji kuongezewa neno: baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi yote ikawa mali ya Serikali, na kuanzia 1965 wasiokuwa na mashamba wakagaiwa eka tatu tatu. Babu, aliyekuwa akichuma mikarafuu ya watu kwa malipo ya pishi, akawa anachuma yake. Alilishukuru hilo mpaka anakufa. Lakini karafuu za kwenye eka zile hakuruhusiwa kumuuzia yeyote ila Serikali, na hilo nalo hakulisahau.

Barzani kwetu Wete, Pemba, mjadala wa kazi ya dola hauishi, hasa uchaguzi ukikaribia. Mmoja anataka Serikali ifanye kila kitu, mwengine anataka ituache. Hoja zao ni zile zile zilizoigawa dunia. Mliberali wa mstari wa Adam Smith, mwanauchumi wa Kiskoti aliyetoa kitabu chake 1776, anaitaka dola ilinde nchi, iweke mahakama na ijenge barabara ambazo hakuna tajiri atakayezijenga. Bei waachiwe wauzaji na wanunuzi. Mfuasi wa Marx anamjibu kwamba mwenye mtaji na asiye nao hawakutani sokoni wakiwa sawa, basi njia za uzalishaji ziwe mali ya umma. Wa demokrasia ya kijamii, kama wale walioanzisha huduma ya afya ya taifa Uingereza mwaka 1948, wanaliacha soko lakini hawataki mgonjwa aulizwe ana pesa ngapi. Wanaanarkia hawaitaki dola kabisa; hao nawapita.

Sisi hatukuyasoma haya vitabuni tu. Elimu ilitangazwa kuwa bila malipo Septemba 1964, na matibabu mwaka uliofuata. Mama yangu, mtoto wa mchumaji, alikaa kwenye dawati la skuli kwa sababu hiyo, kwa hiyo mtu asinambie kwamba dola ikiingia katika maisha ya watu ni balaa. Ila dola hiyo hiyo ilishika na biashara, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 chakula cha kutoka nje kikaadimika. Wazee wa Pemba wakifika hapo katika kusimulia, sauti huwashuka.

Aliyenifungua macho ni Ibn Khaldun, mwanachuoni wa Kiislamu wa Afrika ya Kaskazini, aliyeandika mwaka 1377, kabla hata majina ya uliberali na ukomunisti hayajazuka. Alisema mtawala akifanya biashara huwadhuru raia zake na huharibu mapato yake mwenyewe ya kodi. Raia hushindana kwa mitaji inayokaribiana, lakini mfuko wa mtawala haushindiki. Hununua kwa bei aitakayo, kwani nani atamkatalia? Mkulima huvunjika moyo, huacha kuzalisha, na kodi nayo hupungua.

Nikisoma hayo naiona Pemba. Miaka ya 1970 karafuu ilikuwa na bei kubwa duniani, na mkulima akipata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Wapo walioyaacha mashamba yakaota msitu, na wapo waliopakia magunia usiku kuelekea pwani ya Kenya. Kikosi chetu cha baharini mpaka leo jina lake ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Inaniuma kwamba miongoni mwa waliokuwa wakiwindwa ni watu waliobeba mavuno ya miti waliyoipalilia wenyewe. Baadaye Indonesia, mnunuzi mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kretek zinazotiwa karafuu, ikaanza kujitosheleza, na bei ya dunia ikaanguka. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha bei hadi shilingi 15,000 kwa kilo na kuahidi mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Watu wakazipeleka karafuu vituoni kwa Serikali kwa miguu yao. Bahari ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni bei.

Kwa hayo nilikuwa nataka Serikali iwaachie karafuu wafanyabiashara. Mjomba wangu akanipinga. "Mwanangu, hao matajiri unaowataka watakuja bei ikiwa nzuri. Ikianguka utawaona wapi?" Ana haki, na kwa hilo nimeibadili rai yangu. Sitaki tena Serikali iondoke kwenye karafuu. Ibaki mnunuzi, itangaze bei ya chini kabla msimu haujaanza, igawe miche, ikague ubora. Ninachokikataa ni kuwa mnunuzi wa pekee. Wenye leseni nao wanunue, kituo hicho hicho, kwa mizani iliyokaguliwa, mkulima aone bei mbili zimeandikwa ubaoni achague. Serikali ikilipa vizuri, karafuu nyingi zitakwenda kwake bila ya mtu kulazimishwa. Ikilipa vibaya itajua siku hiyo hiyo, haitasubiri miaka kumi mpaka mikarafuu ife.

Bado mjomba hajakubali. Juzi usiku tulikuwa tunachambua, makonyo, yaani vijiti vyake, huku, karafuu huku, akaniuliza nani atazuia hao wenye leseni wasikae pamoja wakapanga bei moja. Nikamwambia hiyo hasa ndiyo kazi ninayoitakia Serikali. Akanyamaza, akavuta pakacha jengine.